Mjane wa Asembo Aliyesifu Nyumba Imara

Celestine Amolo hajawahi kumiliki tovuti, lakini amezisifu kampuni kumi na moja zinazokodisha mahali pa kuzihifadhi. Ana kibanda cha kuchapisha barua huko Manyatta, na wateja wakiadimika huandika maoni ya wateja wasiokuwepo: nyota tano, huduma safi, asanteni sana. Kazi hiyo aliifikia kwa njia ya matanga. Kwa miaka mingi ameandika risala za mazishi ya watu asiowajua, na aliyeweza kumpamba marehemu mlevi wa kutupwa hawezi kushindwa na kampuni ya kompyuta. Kampuni iliyomlipa vizuri zaidi iliitwa Nyumba Imara.

Siku moja akaja Mzee Dishon Owiti na daftari lake. Alikuwa amepiga picha za mazishi miaka thelathini na mitatu, kutoka mjini hadi Asembo Bay, ufukweni mwa ziwa. Mafuriko yalikwisha kumlia filamu zote, zikabaki picha elfu nne alizowahi kuziingiza kwenye kompyuta. Sasa alitaka kufungua tovuti ili kila boma lipate watu wake. Wapo wengi kule ufukweni ambao sura ya mama yao iko kwa Dishon tu.

"Nyathina," alisema, kama ambavyo wazee huita mtoto wao, "nimesoma hii maoni wiki tatu. Watu wanasifu Nyumba Imara sana, lakini hakuna mtu anasema kwao ni wapi. Mtu hasemi kwao, utamuamini aje?"

Hiyo ndiyo mizani aliyokuwa nayo. Kwao, anayesimama kusema mbele ya jeneza hutaja kwanza jina, baba yake na kwao. Akidanganya, hapakosi mtu wa kumkatiza. Dishon alidhani hata mtandaoni wako watu wa kukatiza.

Neno moja tu la Celestine lingemwokoa. Nusu ya maoni yaliyonakiliwa katika daftari lile alikuwa ameyaandika yeye. Akasema, "Endelea kusoma, Mzee, utapata tu."

Mzee hajafika hata barabarani, Celestine akaandika: "Mimi ni Anyango nyar Asembo, mzaliwa wa Asembo, binti wa marehemu Oyugi, fundi wa nyavu. Ni mjane. Picha za mume wangu ziko salama Nyumba Imara." Hakuna aliyemwagiza. Alitaka tu kuona kama mzee atameza. Wengine wataita huo utundu. Mimi nauita unyama.

Kesho yake Dishon alirudi akicheka.

"Huyu sasa ndiye mtu! Huyo Oyugi hata namkumbuka. Nafikiri mazishi yake nilipiga mimi."

Celestine alijiuma midomo asicheke, kisha akamsaidia kupakia picha zote. Zilipokwisha, Dishon akasema kompyuta yake ataipeleka kwa fundi wa Mamboleo ifutwe kabisa, ipewe kwaya ya kanisa.

"Si picha ziko salama?"

"Ziko salama, Mzee."

Mwezi wa tano, kompyuta ikiwa imekwisha kufutwa, tovuti ilifunguka ikiwa tupu. Nyumba Imara walijibu kwa mistari miwili: mtambo uliharibika, nakala hakuna, poleni. Dishon alikuja kibandani asubuhi, akakaa kwenye benchi. Alionekana mdogo kuliko koti lake.

"Niandikie ukweli," alisema. "Weka jina yangu, ya baba yangu, na kwetu."

Celestine aliandika kila kitu, akaweka nyota moja. Saa moja haikuisha kabla ya simu yake kulia. Ujumbe ulitoka Nyumba Imara: kuna mzee anawaharibia jina, waandikiwe maoni ishirini mazuri leo leo ili yake yazame. Alisoma, akamtazama mzee, akajibu kwamba sawa.

Dishon aliinua kichwa. "Na yule Anyango, yule mjane? Picha ya bwana yake pia imepotea, na labda hajui. Mwandikie, nyathina."

"Namwandikia sasa hivi," alisema Celestine.

Akavuta kibodi, akaanza la kwanza kati ya yale ishirini: "Mimi ni Rachael, mjane, kwetu ni Asembo Bay."

Mzee alitazama vile vidole vikienda mbio. "Mwambie pole," alisema. "Mwambie tuko wawili."