Nne juu ya kumi

Nimefundisha miaka kumi na tisa, na mkono wangu una ujinga wake: ukiona karatasi ya mwanafunzi, unatafuta kalamu nyekundu.

Ndiyo maana sikupaswa kukabidhiwa kile kikundi cha kuchora. Shule yetu ya Mususa, mjini Butembo, ilijaa watoto waliokimbia mauaji upande wa Beni. Wengine walilia katikati ya somo, wengine walitazama ubao hata baada ya kufutwa. Mwanasaikolojia mmoja akaja, akatufunza walimu wawili kwa siku tatu: kila Jumatano tuwape wanafunzi rangi na udongo, wachore na wafinyange watakacho, maana kisichosemeka huenda mikono ikakitoa. Alisisitiza jambo moja tu: msisahihishe. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu mwenye akili.

Kulikuwa na binti wa miaka kumi na tano aliyekaa kwa mama yake mdogo, jirani na shule. Hakuwahi kumweleza mtu yaliyotokea kwao. Siku hizo alikuwa ameanza kusema anataka kufa. Wiki tano alikunja mikono, hakugusa penseli. Wiki ya sita akachora nyumba: mlango wazi, sufuria juu ya mafiga, nguo kwenye kamba. Mtu hakuna. Nilifurahi nusura nipige makofi.

Michoro nikaibeba nyumbani pamoja na lundo la mitihani ya jiografia. Nilisahihisha harakaharaka, nimechoka, na nilipofika kwenye nyumba ile mkono haukusimama. 4/10. Haijakamilika. Watu wako wapi?

Asubuhi nikagawa karatasi zote bila kuzipitia. Jumatano iliyofuata binti hakuja, wala ile ya pili. Nikaenda kwa mama yake mdogo.

“Mwalimu, ule mutoto hakuli, halali. Nimemurudisha Beni mujini, kwa mujomba yake wa mutaa ya Bungulu. Mimi nimeshindwa.”

Kisha akanieleza: mama wa binti na watoto wake wengine watatu waliuawa ndani ya nyumba yao, binti akiwa ameenda kuteka maji. Hapo nikakumbuka nilichoandika. Nilijichukia, na bado najichukia.

Jumamosi nikapanda pikipiki hadi Beni, njia nzima nikipanga maneno ya kuomba msamaha. Nilimkuta uani akigeuza kakao iliyoanikwa kwenye turubai, amekonda, macho hayatulii. Akanisalimia kwa adabu, akaingia ndani, akatoka na karatasi.

“Monsieur mwalimu, nilifanya correction, nimesahihisha.”

Ilikuwa nyumba ileile. Mbele yake watu watano wamepanga mstari, mikono juu, wote wanacheka, kama picha za kitabu cha darasa la kwanza.

“Ile ya kwanza iko wapi?”

“Niliichoma. Ilikuwa mubaya.”

“Hapana, mwanangu. Ile ndiyo ilikuwa muzuri. Ni mimi nilikosea.”

Alinitazama kama mwanafunzi aliyeona mwalimu anabadilisha jibu baada ya mtihani kwisha.

“Lakini, monsieur, ni weye uliuliza bako wapi batu. Nimebaleta. Sasa nibatoe tena?”