Sale la Mchawi

Harufu ya petroli ya jenereta ikichanganyika na ya nyanya zilizopondwapondwa chini: hiyo ndiyo harufu ya sinema kwangu, na mpaka leo nikiingia ukumbi wenye viti laini na ubaridi wa mashine nahisi kuna kitu nimeibiwa. Banda la video lilikuwa nyuma ya soko la Tengeru, la mabati matupu, na mvua ikinyesha ulibaki kutazama midomo ikichezacheza bila kusikia kitu. Mwenyewe aliitwa Bwana Shabani, muuza mitumba aliyetoka mjini, mwenyeji wa huko Pangani, mtu wa maneno matamu. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya soko huria, ambapo kila Jumamosi sokoni kulitokea kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwapo: sabuni za rangi, viatu vya watu wa Ulaya, betri zisizodumu, na sasa runinga. Bibi yangu, aliyenilea, alivitilia shaka vyote kwa usawa. Alinusa sabuni mpya kama anayenusa maziwa yaliyolala.

Mkanda tulioupenda kuliko yote ulikuwa katuni ya binti mfalme aliyeibiwa kivuli chake na mchawi. Watu walikuwa wa kuchorwa, lakini waliimba kuliko kwaya ya usharika wetu, na palikuwa na mbuzi aliyecheza dansi kwa miguu miwili. Bwana Shabani alisimama kando ya runinga akitutafsiria kwa fimbo mkononi. Sisi watoto wa darasa la nne tulizikariri nyimbo zile bila kujua neno moja, tukawa tunaziimba tukienda kukata majani ya ng'ombe. Kisha Jumamosi moja, binti mfalme anapanda mlima kwenda kumkabili mchawi, deki ikanguruma na kuumeza mkanda. Bwana Shabani aliuvuta ukatoka umejikunja kama utumbo wa kuku. Tulilia kweli. Niliporudi nyumbani na macho mekundu, Bibi aliniuliza nani kafa, na nilipomweleza akacheka kwa pua. "Ndeshi, watu wa kuchorwa hawana baba wala mama," alisema. "Wakikukosea utawashitaki kwa nani?"

Lakini usidhani Bibi alikuwa na moyo mwepesi wa kucheka. Mwaka ule alikuwa na jambo lake. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wakang'oa mibuni ya wazee wao wakapanda nyanya, na nyanya, tofauti na mbuni, inataka maji leo na kesho. Maji yetu yalishuka kutoka mlimani kwa mfereji uliochimbwa na mababu, kila nyumba na zamu yake. Ikatokea kwamba zamu ya Bibi ikifika, maji yanakuja membamba kama mkia wa panya. Alipanda juu kufuatilia, akakuta ukingo umetobolewa kwenye shamba la Mama Ruthi, jirani yetu, ambaye mume wake alikwenda machimbo ya Mererani akanogewa huko, akamwachia watoto na nyanya. Mama Ruthi alisema ni fuko ametoboa. "Fuko gani anayejua siku ya zamu yangu?" Bibi alimwuliza, na hayo yakawa maneno ya mwisho kati yao. Nyanya za Bibi zilikauka zikiwa na maua. Nami nikakatazwa kumsogelea Ruthi, ambaye tulikuwa tukigawana hata pipi moja kwa kuing'ata. Hilo liliniuma kuliko nyanya zote. Kanisani tulikaa mabenchi tofauti tukitazamana kwa pembe ya jicho.

Kwa hiyo Bwana Shabani alipotangaza kwamba mwisho wa hadithi anaujua, na kwamba atauonyesha kwa watu halisi, wa nyama na damu, mbele ya banda lake, mimi niliona mlango umefunguka. Alinichagua mimi kuwa binti mfalme kwa sababu nilizijua nyimbo. Ruthi akamfanya mchawi. Nilijua Bibi atakataa, nikamwambia huku nimeinama. Aliuliza mchawi ni nani, na alipoambiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo wamepata sawasawa," alisema, akaniruhusu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na cha kwetu hakikuelea hata kidogo. Kwenye mkanda, kivuli kiliruka juu ya paa kama moshi. Cha kwetu kilikuwa Zakayo, mtoto wa mwalimu, ndani ya koti jeusi la mitumba lililomfika vidoleni, akijikwaa na kupiga chafya. Mbuzi wa kwenye mkanda alicheza dansi, wetu alikula taji langu la maua nikiwa nimelivaa. Soko zima lilikuja: akina mama na matenga yao, wachungaji wa Kiarusha na fimbo zao, hata mwinjilisti. Bibi alikaa mbele kabisa kwenye kigoda alichokibeba mwenyewe. Alimwambia kila aliyemsalimu kwamba hakuja kutazama mchezo, amekuja kumtazama mjukuu wake. Mama Ruthi alisimama nyuma, karibu na matenga.

Mwisho, kwa mujibu wa Bwana Shabani, ulikuwa hivi: mchawi anakirudisha kivuli, anapiga magoti, anampa binti mfalme jani kuomba msamaha, binti analipokea, wote wanaimba. Kwenye mazoezi tulitumia jani la mgomba. Siku yenyewe Ruthi alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye shuka lake la kichawi, akatoa sale. Wasioijua Meru niwaeleze: sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka. Kwetu, kama kwa Wachaga, aliyekukosea akikuletea jani la sale huwezi kumkatalia. Ukilipokea, nyumba yako imesamehe, na ukilisukuma umejitafutia laana. Hakuna anayelichuma kwa kuchezea. Bwana Shabani wa Pangani aliendelea kutabasamu na fimbo yake. Mimi nililiona, nikajua. Soko likanyamaza hata nikamsikia mbuzi akitafuna. Ruthi alinitazama kwa macho yaliyojaa maji, sijui ya kuigiza au ya kweli, na mimi, kwa kumtamani rafiki yangu, nikalipokea kwa mikono miwili.

Bibi alisimama. Wimbo haukuimbwa. Alimtazama Mama Ruthi juu ya vichwa vya watu na kumwuliza, "Umemtuma mtoto?"

"Mama, huo ni mchezo wa watoto tu," Mama Ruthi alijibu, akitazama chini.

"Sale halina mchezo," alisema Bibi, akanishika mkono na kigoda chake tukaondoka. Njia nzima alikuwa akinong'ona peke yake. Aliona mtego. Kama Mama Ruthi ameomba msamaha, mbona hajakiri kosa? Na kama ni mchezo, kwa nini jani lina kipande cha shina, limekatwa kwa kisu kikali, si kwa mkono wa mtoto? Alinihoji mpaka nikalia. Nilitaka kulitupa jani lile migombani, akaninyang'anya. Alilipeleka kwenye ukingo wa mfereji, akalichomeka ardhini, akasema kama ni la kweli litashika mizizi, na kama ni la uongo litaoza tuone. Nami nilisali lishike. Nilikwenda kulichungulia na kulimwagilia kila nilipotoka shule, nikidhani ni siri yangu, mpaka nikakuta udongo wake umeshalowana kabla yangu. Sale likachipua. Siku hiyo Bibi aliliinamia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Fuko mwenye akili huyu." Sikumwelewa. Ila maji yalikuwa yamesharudi unene wake, na jioni ile alinituma kwa akina Ruthi nikaazime chungio, ingawa letu lilikuwa limetundikwa ukutani.

Mwaka huu binti yangu Neema alinivuta mjini kutazama sinema ambayo marafiki zake wote wanaizungumzia: ile ile katuni yangu, imetengenezwa upya kwa watu halisi. Nilikwenda na mashaka yangu yote. Kivuli kiliruka bila kujikwaa. Mbuzi alikuwa na manyoya yanayohesabika, na hakula kitu. Nyimbo nilizikumbuka zote, nikajikuta natikisa mguu, nikajichukia kidogo. Nikangojea jani. Halikuja. Mchawi aliteleza akatumbukia korongoni, binti mfalme akaolewa, taa zikawaka. Nikasema ndiyo hawa, wameharibu mwisho. Neema, ambaye hana subira na wazee, akaitafuta katuni ya zamani kwenye simu yake na kunionyesha mwisho wake. Mchawi anatumbukia korongoni. Jani hakuna.

Nilimpigia Ruthi tukiwa bado ngazini. Anaishi Olasiti siku hizi, ana wajukuu, na sauti yake bado ni ile ile ya kugawana pipi. Nilimwuliza lile sale alilitoa wapi. Akacheka kama aliyekamatwa. Mama yake ndiye aliyelikata, alisema, akamsisitizia asilivunje shina. Mama yake ndiye aliyemwomba Bwana Shabani Ruthi apewe kuwa mchawi, na hadithi imalizikie kwenye jani. Maji alikuwa ameyaiba kweli, watoto walikuwa na njaa. Aliogopa kwamba akionekana tu anakuja na sale, Bibi atafunga mlango kabla hajafika, maana jani usiloliona hulazimiki kulipokea. Sokoni hapakuwa na mlango.

Bibi alikufa zamani, na Mama Ruthi alilia makaburini kuliko sisi wa ukoo. Nimekaa na jambo hili, nikamwona Bibi ukingoni mwa mfereji, ameinama na kopo la maji. Alikuwa ameshuku sawasawa, kila kitu, tangu kisu mpaka fuko, na bado alilimwagilia sale. Mfereji wenyewe siku hizi ni mkavu, maji yanapita kwenye bomba, lakini masale yaliyotoka kwenye lile moja yamekuwa uzio mzima. Neema anataka turudi kutazama tena. Nimemwambia aende na wenzake. Mchawi wao ameshakufa mara mbili, mara kwa michoro na mara kwa watu halisi. Wetu anakuja Jumapili kutoka Olasiti, na amesema tumwekee mchuzi.