Gauni la Bafta na Manjano ya Jikoni

Enzi zetu, mtoto wa kike wa Mjini Unguja alikuwa na vipodozi vitatu, na vyote vilikaa jikoni au karibu yake. Kulikuwa na mafuta ya nazi ndani ya chupa iliyozibwa kwa kitambaa, kulikuwa na kipande cha mti wa liwa pamoja na jiwe lake la kusugulia, na kulikuwa na mafuta ya mgando ya dukani, ambayo mama aliyaficha juu ya kabati ili tusiyamalize kwa siku moja. Basi. Asubuhi unaoshwa uso, unapakwa mafuta ya nazi mpaka unameremeta, unavishwa gauni la chiti, kile kitambaa chepesi cha maua, unatoka. Ukirudi adhuhuri mafuta yote yameshaishia kwenye mchanga wa pwani, na miguu imepauka kiasi kwamba mwenzako anaweza kukuandika jina kwa ukucha. Nyinyi mliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya hamsini mnanielewa, maana nanyi mliandikwa.

Nguo nazo hazikutusumbua. Gauni mbili za chiti za kushindia, moja imevaliwa na moja iko kwenye kamba. Shimizi ya ndani. Suruali ya marinda kwa siku za kwenda kwa watu. Makubadhi ya kutokea, na kanga ya mama iliyochakaa ya kujifunika ukitoka kuoga. Hiyo kanga iliyochakaa ndiyo nguo nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa maishani mwangu, na sijali nani atanicheka.

Mwalimu wetu wa nguo alikuwa bibi yangu, mama yake mama, Bibi Zuhura, aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwetu, Mkunazini. Siku ya kununua kitambaa alinishika mkono tukaenda naye Darajani, akaingia dukani, akasalimia, akaulizia hali ya mke wa mwenye duka na watoto wote mmoja mmoja, kisha ndipo akaomba kuteremshiwa jora. Hakutazama rangi kwanza. Aliuingiza mkono wangu chini ya kitambaa, kiganja kikiwa juu, akainama na kupuliza kwa mdomo. Kisha akaniuliza, "Pumzi imefika?" Nikisema imefika, tunazungumza. Nikisema haikufika, jora linarudi juu, hata kama lina maua ya peponi. Mimi nilikuwa nikitamani satini, kwa vile iling'aa. Nilijaribu kudanganya siku moja kwamba pumzi ya satini imefika. Bibi alinitazama, akaniambia, "Imefika wapi, mjukuu wangu? Mimi mwenyewe imenirudi usoni." Mwenye duka alicheka mpaka akaegemea meza.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi, Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, umeingia, na joto la kaskazi limeanza. Chuoni kwetu, tulikosoma Kurani, wasichana tulikuwa tunajitayarisha kwa maulidi yetu, ya Ijumaa baada ya alasiri. Mwalimu wetu, Bi Shani, alitupanga, akatusikiliza mmoja mmoja, kisha akanioneshea kidole mimi. Mimi ndiye niliyetakiwa kusimama mbele na kuianza kasida, wenzangu waitikie. Sharti lilikuwa moja: wote tuvae nyeupe tupu, isiwe na ua wala mstari. Mwenye nguo ya rangi angekaa nyuma na mama zake asikilize.

Mama alifurahi kimya kimya, ndivyo alivyokuwa. Bibi alinunua bafta nyeupe iliyopitisha pumzi vizuri, na Mama akakaa na cherehani yake ya mkono siku tano, akatia marinda kiunoni na vipande vidogo vya lesi shingoni, lesi aliyoibandua kwenye gauni lake mwenyewe la harusi. Alipomaliza alilikunja, akalitia sandukuni, akasema, "Zuwena, hili halivaliwi mpaka Ijumaa. Umenisikia?"

Nikasema, "Naam, Mama." Nikasema kwa moyo wangu wote.

Aliyenitia mashaka ni rafiki yangu Salma. Salma alikuwa na krimu. Mjomba wake alikuwa na duka, akampa kikopo cha kioo chenye krimu nyeupe na kifuniko cha bati, na Salma alitembea nacho kutwa. Hakupaka. Alikifungua tukanusa, akakifunga. Ukimbembeleza sana alikutia tone moja nyuma ya mkono, na hilo tone ulilala nalo. Jumatatu, tukitoka chuoni, alinitazama miguu, akanitazama uso, akasema kwa huruma ya kweli, "We Zuwena, ukisimama mbele watu wote wanakuangalia wewe. Na umepauka hivyo?"

Sikumwomba krimu. Niliona haya. Lakini nilimkumbuka bibi harusi wa jirani, aliyekuwa amekaa ndani akisingwa, ngozi yake ikitoka laini na yenye nuru. Nilijua wanampaka liwa, na nilijua wanatia na manjano. Kwetu pia Bibi alikuwa akinitia manjano usoni nikitoka vipele, kidogo tu, ncha ya kidole. Nikapiga hesabu ya kitoto: kama ncha ya kidole inaondoa vipele, vijiko vitatu vitafanya nini?

Jumanne adhuhuri Mama alikwenda kwa jirani. Nilisugua liwa jiweni, nikamimina tui, nikachota manjano ya jikoni, yale ya mchuzi, vijiko vitatu vilivyojaa na cha nne cha kuhakikisha. Nikajipaka uso, shingo, mikono, mpaka kwapani. Nikakaa uani nikisubiri likauke, ngozi inanivuta na nzi wananizunguka, harufu yangu nusu bibi harusi nusu mchuzi wa samaki. Kisha nikajimwagia maji, nikakimbilia kiooni.

Jamani. Nilikuwa njano kama embe, na nikajiona mzuri! Sikuona kasoro hata moja. Nikajisema kwamba nuru ndiyo hii, na nuru hii haina budi kuonekana na gauni lake.

Nililitoa sandukuni, nikalivaa, nikasimama mbele ya kioo nikaianza kasida. Nilianza polepole, kisha nikaona bora niimalize. Nilipoimaliza nikairudia, sasa na kuyumba kwake, kushoto na kulia kama walivyofanya wakubwa. Madirisha nilikuwa nimeyafunga nisisikike. Joto likanishika, jasho likatoka, nami nikayumba tu, nikajishika kifua kwa mkono kwa unyenyekevu.

Nilipolivua gauni ndipo nilipoona. Shingoni, kwenye lesi ya harusi ya Mama, duara la njano. Kwapani, mabaka mawili. Na kifuani, upande wa kushoto, alama za vidole vyangu vitatu.

Sikulia bado. Nilichukua beseni, maji na sabuni ya mche, nikaanza kusugua. Hapo ndipo nilipojua kwamba dunia inaweza kuharibika mara mbili kwa siku moja, kwa sababu njano ile ilipoguswa na sabuni iligeuka nyekundu. Nyekundu ya damu! Nikazidi kusugua, ikazidi kuwiva. Nikaliacha beseni palepale na maji yake mekundu, nikalivingirisha gauni ndani ya kanga, nikakimbia kwa Bibi nikilia kwa sauti ambayo nusu ya mtaa waliisikia.

"Shikamoo, Bibi," nilisema mlangoni, maana hata katika msiba adabu haikuachwa.

"Marahaba," alisema Bibi, kisha akaniona uso. "Yarabi! Mtoto kafanywa nini?"

Nilimfungulia kanga. Bibi alilitazama gauni, akanitazama mimi, akalitazama gauni. Alianza kutetemeka mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, akafunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, machozi yanamtoka, akashindwa kusema mpaka akakaa chini.

"Umetia sabuni?" aliniuliza alipopata pumzi.

"Nshatia."

"Basi hujaua mtu. Nenda kaniletee malimau mle jikoni, yote."

Alikamua limau juu ya ule wekundu, na mbele ya macho yangu ukarudi kuwa njano. Nilidhani Bibi ni mchawi. Akanieleza kwamba manjano yanaogopa kitu kimoja tu, nacho ni jua. Tukalitandaza gauni kwenye ua wake likiwa na maji ya limau, akaniweka mkekani kulilinda na kunguru. Uso wangu aliusugua kwa mafuta ya nazi na unga wa dengu mpaka nikahisi ananibandua.

"Mama asijue, Bibi," nilimwomba. "Lesi ni ya harusi yake."

"Nani wa kumwambia? Mimi nnalitia udi gauni, basi. Huo si uongo, ntalitia kweli."

Nilirudi nyumbani nikitambaa na ukuta. Beseni lilikuwa limeoshwa, limefudikizwa mahali pake. Nilishukuru sana kuliona hivyo, wala sikujiuliza nani aliyeliosha. Mama alinitazama uso, ambao bado ulikuwa na njano yake, akasema, "Bibi yako kakupaka manjano?" Nikasema naam. Akasema, "Mengi," akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano gauni lilikaa juani. Alkhamisi likakaa juani. Kila Mama alipoliulizia, Bibi alijibu kwamba yumo kwenye kulifukiza. "Siku ya tatu leo," Mama alisema. "Mnafukiza gauni, Mama, au mnakausha papa?" Bibi akasema udi wa siku hizi hauna nguvu. Mimi nilikuwa nikiamka alfajiri kutazama mbingu, nikiomba lisije wingu hata moja. Sijawahi tena kulipenda jua kiasi kile.

Shingoni palisafika. Kwapani palisafika. Ijumaa adhuhuri, vidole viwili kati ya vile vitatu vilikuwa vimekwisha. Kimoja kikabaki, hafifu lakini kipo, juu ya moyo. Nikakaa chini nikijua ndiyo nafasi yangu imekwenda, nitakaa nyuma na mama zangu nisikilize. Bibi aliinuka. Alitoka, akarudi na asumini, majani ya rehani na vipande vya mkadi, akaketi akaunga kikuba kikubwa kuliko nilichopata kumwona nacho mtoto yeyote. Akakibandika kwa pini juu ya doa. "Haya," alisema. "Mwenye kukiondoa hicho ana ugomvi na mimi."

Uani kwa Bi Shani palijaa kina mama, mabaibui yameshushwa mabegani, harufu ya udi na marashi. Salma alikuwa amepaka krimu yake hatimaye, yote, uso mweupe na masikio meusi. Tulipangwa. Na nilipopiga hatua ya kwanza kwenda mbele, nilihisi kikuba kinainama. Uzito wa maua ulikuwa umeilegeza pini. Nikakishika kwa mkono, nikasimama pale sijui niende au nikimbie.

Mama aliinuka. Alipita katikati ya watu, akapiga goti mbele yangu, akaushusha mkono wangu taratibu. Doa lilikuwa wazi baina yetu. Alilitazama. Akatoa pini kwenye nguo yake mwenyewe, akakibandika kikuba sawasawa juu yake, akakibana kwa kiganja kama anayefunga mlango.

"Siku tatu za udi," aliniambia sikioni, "na beseni nikalimwaga mimi. Nenda mwanangu, kaimbe."

Niliimba. Niliimba mpaka Bi Shani akafuta macho. Wiki iliyofuata kila msichana wa chuoni alitaka kikuba cha ukubwa ule, na Bibi akawa hana raha na watu wa kumgongea mlango.

Leo mjukuu wangu Nasra ana vikopo kumi na moja mezani kwake, nimevihesabu. Kuna cha asubuhi, cha jioni, cha chini ya macho, na cha kuzuia jua, jua lile lile nililoliomba lisipate wingu. Anavaa baibui la kitambaa kisichopitisha pumzi hata ya farasi, kisha anakaa mbele ya feni analalamika joto. Namcheka, naye ananicheka mimi na kanga yangu iliyochakaa. Majuzi alinitania, "Bibi, nyinyi mlikuwa mkipaka nini hasa?" Basi nikafungua sanduku nimwoneshe.

Gauni lipo. Nilimshika mkono, nikauingiza chini ya bafta, nikapuliza, na pumzi ikafika. Kisha nikavaa miwani nimtafutie lile doa la kidole, nimwelezee habari ya Mama. Nilitafuta upande wa kushoto, nikalipeleka gauni dirishani kwenye mwanga, nikatafuta tena. Miaka imeligeuza lote rangi ya njano, toka lesi mpaka marinda, na pale Mama alipoweka mkono wake sipaoni tena.