Kaskazi Ile ya Fumba

Kaka yangu alitoka nyumbani asubuhi moja kwenda Darajani kununua mafuta ya taa, na hakurudi. Wako waliosema walimwona akipandishwa gari kwa nguvu. Wako waliosema kavuka kwenda bara na vijana wenzake. Baba aliulizia kila mahali palipoulizika siku zile, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kote aliambiwa arudi nyumbani akasubiri.

Kabla ya hapo nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilikwenda kwa amri ya mama. Alfajiri alikuwa ameshatuamsha, sisi wasichana wawili, mimi na mdogo wangu. Chai, skuli, chakula, chuoni kusoma Kurani, kuoga, kulala, kila kitu na wakati wake. Kaka alipopotea, mama aliyaacha yote. Alikaa ukumbini juu ya mkeka, uso ameuelekeza mlangoni, na mlango ukigongwa yeye huwa keshasimama kabla sisi hatujasikia.

Msimu wa kaskazi ulipoingia na skuli zikafungwa, baba aliamua tuhamie Fumba kwa muda, kwa mama mkubwa wake mama. Yeye mwenyewe hakuwa na kazi ya kumzuia. Duka lake la vitambaa lilikuwa limebaki makabati matupu, na mjini hata mchele ulikuwa wa foleni. Tukapanda gari la shamba na mikeka yetu.

Bibi, kama tulivyomwita huyo mama mkubwa, alikuwa mjane mwenye nyumba ya makuti, mishelisheli miwili na miembe ambayo hata yeye hakujua idadi yake. Mama alipomwamkia "Shikamoo," aliitikia "Marahaba mwanangu," akamshika mkono, akamkalisha.

Hakuna aliyetuamsha kule. Tuliamka jua likitupiga usoni, tukaokota embe zilizoanguka usiku, tukazila tumechutama ili maji yake yasituchafue nguo. Tukishikwa na njaa, tulichoma shelisheli kwenye makaa mpaka ganda likawa jeusi, tukalipasua, tukalila na chumvi na pilipili. Maji ya bahari yakipwa tulishuka pwani na bibi kuokota chaza. Mchuzi ulipikwa wakati wowote, pengine saa tisa, pengine magharibi. Mdogo wangu alinenepa. Aliniambia, "Mimi nataka tukae huku siku zote."

Mimi nilikula na kucheza kama yeye. Lakini nilikuwa nikimtazama mama. Nilitamani anikemee kwa kuchelewa kuoga, au anishike kidevu anitazame meno. Alinipita na nywele zangu zimejaa mchanga, hakuona.

Siku moja bibi alimwambia baba ajifunze kutoa pweza, kwa kuwa mwanamme mzima hawezi kulishwa na vikongwe. Baba, mtu wa kupima kitambaa kwa yadi, alikunja msuli wake juu ya magoti akaingia majini na kijiti cha bibi. Tulisimama juu ya mawe, mama pia, tukimwangalia. Alichokoa shimo moja kwa muda mrefu, akavuta kwa nguvu, akaanguka chali, na pweza kamng'ang'ania mkononi hadi kwenye kiwiko.

"Mtoe," alisema baba. "Mama mkubwa, mtoe, nakuomba."

"Umemtaka mwenyewe," bibi alijibu, wala hakusogea.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Baba aliacha kuhangaika na pweza akabaki amekaa majini, anamtazama mkewe. Kisha nikaona uso wa mama umebadilika, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha chungu motoni. Akajifunika mdomo kwa kanga, akatuacha pwani, akarudi nyumbani peke yake.

Tulimkuta jikoni, katugeuzia mgongo. Bibi aliketi karibu yake.

"Kucheka si kumsahau," alimwambia.

"Sijui huko aliko kama kala," alisema mama. "Mie nshakula, nshashiba, na nnacheka."

Bibi aliinuka akachukua kisu. Alimkwangua pweza, akampika kwa nazi, na jioni ile sote tulikula kwenye sinia moja. Mama alimega tonge mbili tatu, akanawa.

Skuli zilipokaribia kufunguliwa, baba alifunga mizigo. Mama hakusimama.

"Mie sirudi," alisema.

Baba alidhani hakusikia sawasawa. "Watoto wana skuli."

"Mkubwa aende. Mdogo niachie, atasoma huku. Kule mlango ukigongwa, roho yangu inatoka. Huku hakuna mlango wa kugongwa, mtu anaonekana toka mbali."

Baba alimtazama bibi, naye bibi akainamia ufagio wake. Hapakuwa na ugomvi. Baba aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Utaweza kunipikia?" Nikasema, "Naam," wala sikuwa najua kupika zaidi ya chai.

Basi familia yetu iligawanyika vile, bila talaka na bila maneno. Mdogo wangu alipata alichokitaka, na kila tulipokwenda Ijumaa nilimkuta mweusi wa jua, anasema kishamba, ananionea huruma kwa viatu vyangu. Mjini nikawa mimi wa kuamka alfajiri. Nilimwamsha baba, nikachemsha muhogo, nikapanga foleni, nikamkumbusha dawa yake ya macho. Aliyala maharage yangu yaliyoungua na kila mara alisema yamewiva vizuri.

Mama alirudi mjini pamoja na mdogo wangu baada ya bibi kufariki, miaka ikiwa imepita na mimi nimeshakuwa msichana mkubwa. Alikuja na kikapu cha embe, akakaa ukumbini kama mgeni, akangoja nimwambie chakula kitakuwa saa ngapi. Nilimwambia baada ya adhuhuri. Akaitikia kwa kichwa.

Habari za kaka hatukuzipata. Baba alikufa akiwa bado anatunza suruali mbili za kaka kwenye kabati la duka, zimekunjwa, na nondo wameshazitoboa.