Mikono ya Upinde Niliyojichagulia

Sikatai, kosa ni langu. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Lituhi, mzaliwa wa Mbuji, kwenye milima ya Wamatengo. Upinde wa shule yetu ni wa kuunganisha: mshikio mmoja na mikono miwili, yaani vile vipande vinavyopinda ukivuta kamba, unayochagua kulingana na nguvu zako. Muuzaji alinishauri kwa simu nianze na mikono laini. Nikamjibu kwamba mimi ni Mmatengo, nimekua nikipandisha magunia ya kahawa mlimani, alete migumu kuliko yote.

Ilipofika niliijaribu chumbani, kamba ikasogea shubiri moja tu. Nikajiambia nguvu zitakuja mbele ya watu.

Siku ya wazazi nikasimama uwanjani kando ya ziwa, nikavuta. Kamba ikagoma kwenye shubiri ileile. Mikono ikatetemeka, yangu, si ya upinde. Sikukubali kushindwa. Nikaushusha na kutangaza kitaalamu, "Tusubiri kwanza upepo utulie." Nikafanya hivyo mara nne.

Ndipo mama mmoja, muuza dagaa wetu wa usipa, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Leo hakuna upepo tangu asubuhi. Ndiyo maana usipa wangu haujakauka."