Waya wa Hilda Juu ya Chanja za Dagaa

Kiriba kuna jiwe moja ambalo kila mtu amelipanda. Ukitaka kupiga simu, unapanda. Ukisubiri kutumiwa hela, unapanda. Hata posa za siku hizi zinaanzia huko juu, mtu amesimama kwa mguu mmoja akitafuta mtandao. Kwa hiyo Mwalimu Hilda Kwangu aliposema antena ya redio ya chama isikae jiweni, watu walimtazama kama mtu aliyesema ugali usongwe kwa maji baridi.

Hilda anafundisha fizikia sekondari. Alizaliwa Guta, kwenye mashamba ya pamba, akaolewa Kiriba kwa wavuvi, na hapo katikati akapata ugonjwa wa redio, ule usio na dawa: kukaa na mashine, kuita hewani, na kufurahi mtu usiyemjua anapokuitikia. Mtihani wa leseni aliufanya mara mbili. Mara ya kwanza aliangukia pua. Mara ya pili alirudi na cheti, na mumewe Evance akakitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yao, jambo ambalo Hilda hakulipinga hata kidogo.

Chama chao cha wapenda redio kilikuwa na mashine moja nzuri na lengo moja: siku simu zikizima, Kiriba iweze kuzungumza na Bunda na Butiama. Leseni ya kituo ilikuwa kwa jina la Hilda. Antena ilikuwa ya Mzee Stanislausi.

Huyu mzee alishika redio ya kiwanda cha kuchambulia pamba miaka mingi, akiulizia malori yaliko. Mtihani hakuwahi kufanya, wala hakuona sababu. Alisimamisha bomba refu juu ya jiwe, na haki yake tumpe: aliongea na Italia. Aliongea na Japani. Kila Jumapili baada ya misa tulipewa habari za mvua za Italia tupende tusipende. Ila wanachama wenzake wenye mashine zao, Paschal wa Bunda na Mwandu wa Butiama, hawakuwahi kumsikia hata akikohoa. Na Mwandu huyo ndiye aliyekuwa dereva wake wa lori enzi za pamba.

"Ni milima," alisema Stanislausi kwenye kikao. "Tuongeze bomba."

"Mzee wangu, tukiongeza tutazidi kuwaruka," alisema Hilda. "Bomba lililosimama linatupa mawimbi mbali, yanawapita juu kwa juu. Tulaze waya, tena chini. Mawimbi yapande wima, yagonge huko angani, yarudi kama mvua. Mvua haichagui Bunda wala Butiama."

"Waya chini." Stanislausi aliwageukia wenzake. "Mimi nilikuwaga naita malori mpaka Shinyanga, huyu hata kuzaliwa bado. Leseni ni yake, sawa. Antena atuachie sisi. Cheti hakidaki mawimbi, Mwalimu wa Karatasi."

Walicheka, na jina likakimbia kuliko mwenyewe. Jumatatu Hilda alilikuta limeandikwa ubaoni darasani. Lilimuuma, tena sana, maana ile karatasi aliisotea.

Akarudi kwa mzee na neno moja. Jumamosi mchana angeita kwa waya wake. Wakiitika wote wawili, mashine inakaa kwake na antena anapanga yeye. Akikosekana hata mmoja, mashine inarudi jiweni na yeye hafungui tena mdomo kuhusu antena. Stanislausi alikubali upesi, kama mtu aliyekaribishwa kuku.

Kikabaki kitu kimoja, miti ya kuubeba waya. Kiriba miti mizuri iliyonyooka ni ile ya chanja za kuanikia dagaa, na chanja zina wenyewe.

"Chukua zangu," alisema jirani yake Matrida. "Ila dagaa wangu hawahamagi. Leo ndio wanakauka."

Basi Hilda akafunga fito kwenye miguu ya chanja, akalaza waya juu kidogo ya kichwa cha mtu, dagaa chini yake wakinuka kama kawaida yao. Chama kizima kilikuja kutazama, wengine wameshika pua. Aliita Bunda. Kimya. Alipima tena waya kwa macho, akaita tena.

"Bunda nakupata, Mwalimu," ilisema sauti ya Paschal, safi kabisa. "Kama uko chumba cha pili."

Watu wakaacha pua zao. Hilda akaita Butiama. Hakuna. Akarudia. Hakuna. Stanislausi alianza kukunja mikono ya shati, tayari kuibeba mashine, na Hilda akaita mara ya tatu.

"Mwalimu." Ilikuwa Mwandu, anahema. "Nimekusikia tangu mwanzo. Nilikuwa nimefungulia sauti yote kwa mazoea ya kutosikia kitu. Umeshtua ng'ombe, wameingia kwenye mihogo. Nimetoka kuwatoa."

Matrida alipiga vigelegele mpaka wavuvi wakageuza mitumbwi kutazama. Hilda alifurahi, akaonyesha kwamba amefurahi: alicheza palepale mchangani, mwalimu mzima wa fizikia, na Evance akimpigia makofi.

Stanislausi alisogea taratibu, akanyoosha mkono, Hilda akampa kipaza sauti.

"Mwandu," aliita. "Lori liko wapi?"

Upande wa pili pakaja kicheko. "Lori lilishakufa, mzee wangu. Nipo na ng'ombe sasa. Wewe ulikuwa wapi siku zote?"

"Italia," alisema Stanislausi, akafuta macho kwa mkono wa shati. Alimrudishia Hilda kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mwalimu," alisema, na safari hii aliishia hapo, bila karatasi. Akatazama dagaa, akatazama waya. "Ule mtihani, wanaufanyaga lini?"