Nilimpotezea Mama wa Watu Goti Lake

Jamani, kosa ni langu. Nimeisingizia kompyuta, nimeisingizia mashine, hata umeme wa Kasulu unaokatika ovyo nimeusingizia. Wapi! Mkono ulioshika kipanya ulikuwa wangu, na mdomo uliodanganya ni huu huu ninaolia nao. Jina sitaji, mtaniwia radhi.

Nafanya kazi kwenye karakana ndogo inayotoa miguu ya bandia bure. Mgonjwa akija, kigutu chake kinapitishiwa mashine ya kupima umbo, vipimo vinaingia kwenye kompyuta, halafu mimi nachora kikombe cha plastiki ambamo kigutu kinakaa. Kikombe kikikosewa kidogo tu, ngozi ndiyo inayolipa.

Kabla ya hapo nilikuwa nachora mageti na mapaa ya nyumba. Mistari iliyonyooka na pembe, basi. Mwili wa binadamu hauna mstari ulionyooka hata mmoja!

Akaja mama mmoja wa Busunzu, huko Kibondo. Nitamwita Mama Yusta. Nyoka alimuuma akivuna maharage, mguu ukakatwa chini ya goti. Siku ile ya kwanza alikuwa akilipapasa goti lenyewe kama anapapasa kichwa cha mtoto.

"Mungu kaniachia goti, mwanangu," akaniambia. "Nitapalilia. Na mama mkwe nitamwamkia vizuri."

Kwetu Uha, mwanamke aliyelelewa kama yeye hamwamkii mkubwa wake akiwa wima. Anashuka chini, anapiga makofi taratibu, ndipo anasema mwidiwe. Nimekua nikimwona mama yangu akifanya hivyo. Nilijua! Hilo ndilo linaloniua.

Nikaanza kuchora. Mbele na pembeni uso wa kikombe ulikaa vizuri. Nyuma ya goti, pale ngozi inapobonyea na kano mbili zinatokeza huku na huku, ukagoma. Nikivuta hapa, unavimba kule. Nikibonyeza kule, unakunjana hapa kama shuka lililotandikwa na mlevi. Programu ile inapaka rangi nyekundu kila mahali mchoro unapoachana na kigutu halisi. Nyuma pote palikuwa pekundu.

Dawa ilikuwa moja tu, kumwita mama arudi tumpime upya akiwa amekunja goti. Lakini mimi nilishajisifu ofisini kwamba naiweza ile programu kuliko wote. Nimwite arudi, niseme nimeshindwa na kibonyeo cha nyuma ya goti? Kiburi hicho!

Nikakifuta kile kipande cha nyuma chote. Nikatandaza kingine kutoka ukingo hadi ukingo, laini, kinateleza, kikapanda juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Halafu nikaizima ile rangi. Nyekundu ikatoweka kwa sababu niliifumbia macho.

Mkuu wetu akapita nyuma ya kiti changu.

"Kazi safi hiyo! Umelinganisha na kigutu?"

"Nimelinganisha, mkuu."

Neno moja tu, likatoka bila hata kukwama. Na kweli mchoro ulikuwa unapendeza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Siku ya kuuvaa mguu, Mama Yusta alishika vyuma viwili vya kufanyia mazoezi, akapiga hatua. Akatembea! Tukashangilia wote. Kwa furaha akataka kushuka chini amwamkie mkuu kwa heshima. Mkuu akamwahi: "Hapana mama, leo baki wima. Leo ni siku yako." Tukacheka. Angeshuka pale pale, ule ukingo wa nyuma ungemchoma mbele ya macho yetu na kosa langu lingejulikana. Mimi nilikuwepo, nikapiga makofi na wenzangu.

Aliporudi kuangaliwa, niliona doa kwenye soksi ya kigutu, nyuma ya goti.

"Mama, hii nini?"

"Udongo tu, mwanangu. Si unaujua udongo wetu?"

"Mguu hauumi?"

"Ego, hauumi, ni mzuri. Wakoze chane, asanteni sana."

Udongo wetu ni mwekundu, ndiyo. Ila udongo haugandi vile! Niliona, nikajua, nikamwambia atazoea. Kwa nini nilisema atazoea? Kila siku najiuliza.

Baadaye binti yake akatupigia simu. Mama yuko wodini. Alikuwa akipiga magoti kila asubuhi kwa mama mkwe wake, akipiga magoti kanisani, akipiga magoti kwenye matuta ya maharage, na kila akishuka kikombe changu kinamkata. Kidonda kikaoza, uchafu ukaingia kwenye kiungo. Wakakata juu ya goti.

Nilienda Busunzu kumwona. Nilijiapiza njia nzima kwamba nitasema. Nikamkuta amekaa mkekani, akanipigia makofi akiwa amekaa vile vile.

"Unisamehe mwanangu, siku hizi siwezi kushuka."

Aniombe msamaha mimi! Nikamuuliza kwa nini hakusema mguu unauma. Akanishangaa.

"Kitu umepewa, utasemaje kinakuuma? Wangesema sina shukrani."

Nami, badala ya kusema, nikamuuliza habari za maharage. Wakati wa kuondoka akanifungia maharage, nami nikayapokea, maana ningekataaje? Mke wangu aliyapika. Nilikula, na kila punje nilikuwa nayaona yale magoti kwenye tuta.

Tangu hapo sina amani. Mwanamke yeyote akishuka kuamkia, sokoni, msibani, mama yangu mzazi, macho yangu yanakimbilia nyuma ya goti. Nasubiri aguse pale, akunje uso. Na kompyuta nikiiwasha, hata nikiwa nachora kitu kingine kabisa, naiona ile nyekundu niliyoizima.

Ndugu zangu mnaochora vitu vya kuvaliwa na watu, msiwe kama mimi. Ukishindwa na mkunjo, sema umeshindwa. Mwite mtu arudi. Mwambie apige magoti, achuchumae, apande kitanda, afanye kila anachokifanya nyumbani kwake, na akikwambia hauumi, vua soksi uangalie mwenyewe. Watu wetu hawalalamikii zawadi.

Mkuu bado hajui. Juzi amenipa habari kwa furaha: Mama Yusta anakuja Jumatatu kupimwa mguu mpya, ule mrefu wa wasio na goti. Ameulizwa anataka achorewe na nani.

Amesema, "Yule kijana aliyekuja kuniona."